Mzazi mwenye kamera mvuani si adui wa shule

Yako mambo ambayo kwa udogo wake hayajadiliwi katika vikao wala hayaandikiwi waraka, lakini ukiyatazama kwa makini utaona kuwa yanapima uhusiano wetu na umma kuliko hotuba nyingi. Moja ya mambo hayo ni la mzazi anayekwenda uwanjani kutazama watoto wakicheza kandanda, mvua ikinyesha, naye akiwa na kamera mkononi. Baadhi ya watu humwona kuwa ni mtu mwenye wakati wa kuchezea. Wengine, na hao ndio wanaotuhusu leo, humwona kuwa ni mtu wa kushukiwa: anapiga picha za tope, anapiga picha za lango lililopinda, kwa hiyo lazima ana nia ya kuichafua shule. Si mara moja tumesikia mzazi wa namna hiyo akiambiwa aweke kamera yake mfukoni au aondoke.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mzazi huyo anafanya kazi ya umma, na kwamba walimu na watumishi wa Serikali wanao wajibu wa kumpokea. Vile vile yanakusudia kumweleza mzazi mwenyewe kuwa kazi ya umma ina masharti yake, na kwamba kamera yake si mali ya mtoto wake peke yake.

Tuanze na kalenda. Michezo ya shule za msingi, yaani UMITASHUMTA, na ile ya shule za sekondari, yaani UMISSETA, kwa kawaida hufikia kilele cha kitaifa kati ya miezi ya Juni na Julai, wakati sehemu kubwa ya nchi imekwisha kuingia katika kiangazi. Ndivyo ilivyokuwa Mtwara mwaka 2021. Lakini timu ya mkoa haishuki kutoka mbinguni. Kabla ya kupatikana, shule hushindana katika kata, kata zikashindana katika wilaya, na wilaya zikashindana katika mkoa. Hatua hizo za chini huangukia aghalabu katika miezi ya Aprili na Mei, na kwa mikoa ya pwani na ya kaskazini mashariki miezi hiyo ndiyo masika yenyewe. Basi mvua katika michezo ya watoto wetu si ajali ya siku moja. Imo katika ratiba. Mtoto wa Muheza au wa Kibaha anayetaka kufika fainali za taifa, lazima kwanza apite kwenye maji.

Sasa tujiulize: ni nani anayeweka kumbukumbu ya safari hiyo? Katika fainali za taifa waandishi wa habari wapo, wapiga picha wapo, jukwaa lipo na mgeni rasmi yupo. Picha inayotoka gazetini siku ya pili yake twaijua sote: mgeni rasmi anakabidhi kikombe, viongozi wamesimama safu mbili, na nahodha wa timu anaonekana kisogo. Hatusemi kuwa picha hiyo haifai. Shughuli ya umma inastahili kutangazwa. Lakini katika kiwanja cha kata, siku ya mvua, mwandishi hayupo na mgeni rasmi ametoa udhuru. Waliopo ni watoto ishirini na wawili, wachezaji wa akiba waliojifunika gunia moja, mwalimu mwenye filimbi, na mzazi mmoja mwenye kamera. Asipopiga picha yeye, hapana atakayepiga.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu twautumia sana katika mambo ya fedha na maghala, lakini unahusu pia mali iliyo kubwa kuliko fedha, nayo ni jasho la watoto. Tarehe 26 Agosti 1979, mjini Ndola, Peter Tino aliifungia Taifa Stars bao la kusawazisha dhidi ya Zambia, na kwa sare ile Tanzania ikapata nafasi ya kwenda katika fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Nafasi kama hiyo haikurudi tena mpaka fainali za Misri za mwaka 2019. Wananchi walio wengi walilipokea bao la Ndola kwa masikio, kupitia redio, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Bao lile limehifadhiwa katika vinywa vya watu, na limehifadhiwa vizuri. Lakini kabla ya Ndola, kila mchezaji wa kikosi kile alikuwa mtoto aliyekimbia katika kiwanja fulani, mbele ya mwalimu fulani. Watoto wa kiwanja hicho leo wangefaidika kiasi gani kama ukutani mwa darasa lao pangekuwa na picha ya shujaa huyo akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, miguu mitupu, tope hadi magotini!

Usidhani kuwa huo ni mkasa wa zamani tu. Mwaka 2022 wasichana wetu wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India katika fainali za Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakafika robo fainali. Picha zao za India zimeenea duniani. Lakini wasichana wale hawakujifunza kandanda India. Walijifunza hapa nyumbani, na kila mmoja wao anayo historia ya viwanja, walimu na misimu ya mvua. Shule inayoweza leo kufungua daftari na kusema, "Huyu hapa, siku ile, katika mechi ile," ina silaha ya kufundishia ambayo haiuzwi dukani. Mtoto wa darasa la nne akiiona picha hiyo haambiwi kuwa ushindi unawezekana. Anaona mwenyewe kwamba aliyeshinda alianzia pale pale anaposimama yeye.

Hapa ndipo panapozuka hoja ya wale wanaompinga mzazi mwenye kamera. Wao husema: kama anataka kupiga picha, na aje siku ya jua, siku ya kufunga mashindano, watoto wakiwa wamevaa jezi safi. Kwa nini achague siku ambayo uwanja umejaa maji na nguzo za lango zimefungwa kamba? Je, huko si kuitangaza aibu?

Hoja hii inafanana na hekima, lakini haina hekima ndani yake. Kwanza, tope si aibu ya mtoto wala ya mwalimu. Udongo wa mfinyanzi ukinyeshewa huteleza katika kiwanja cha shule kama unavyoteleza katika shamba. Aibu inaweza kuwapo mahali pengine. Inakuwapo pale ambapo mfereji wa siku mbili haukuchimbwa kwa miaka mitano, ingawa majembe yapo na watu wapo. Picha haikuleta maji uwanjani. Picha imesema tu maji yalipo.

Pili, historia ya kazi ya picha katika sehemu hii ya Afrika inatufundisha kinyume. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na ni hapa alipoanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa katika televisheni na kuitikisa dunia, na misaada ikaanza kumiminika. Hatulinganishi kiwanja chenye maji na njaa iliyoua watu. Tunachosema ni kwamba njaa ile haikuletwa na kamera, wala isingeondoka kama kamera ingezuiwa. Mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye kuonyesha shida ya watu ili itatuliwe hawatukani watu hao.

Tatu, na hili liwafikie hasa wenzetu walio katika ofisi za elimu na za utamaduni, mwananchi kuuliza na kuonyesha si uadui. Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kiliwaonya viongozi juu ya majivuno na dharau mbele ya wananchi. Chama kilisema hivyo kikijua kuwa urasimu hauanzi na makosa makubwa. Huanza na mtu mdogo mwenye cheo kidogo anayemwambia mzazi, "Nani amekuruhusu?" badala ya kumwuliza, "Umeona nini?" Mkuu wa shule anayemfukuza mzazi mwenye kamera hajauondoa ufa wa ukuta. Ameondoa jicho tu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tutazame sasa jinsi picha hiyo inavyoweza kufanya kazi. Kamati ya shule inapokaa kuzungumzia uwanja, kwa kawaida kila mmoja hutoa maneno yake. Mmoja atasema maji hujaa upande wa kaskazini, mwingine atasema ni upande wa barabara, wa tatu atasema mwaka jana hayakujaa kabisa. Kikao kitakwisha na kuahirishwa. Lakini mezani pakiwekwa picha tano zilizopigwa kwa tarehe tano mbalimbali, kila moja ikiwa na maelezo nyuma yake, ubishi unakwisha na kazi inaanza. Itaonekana dhahiri kuwa maji huingia kutoka kwenye kona moja, kwamba lango la pili ndilo linalozama, na kwamba nguzo zake hazikuchimbiwa vya kutosha. Sheria ya kwanza ya kandanda inataka malango yafungwe imara ardhini, kwa kuwa lango linaloanguka linaweza kuua mtoto. Mfereji wa mawe na nguzo zilizochimbiwa vizuri haviombewi fedha za kigeni. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa mwaka 1967 ilitufundisha kuwa shule ni sehemu ya jamii inayoizunguka, na kwamba mikono ya wanafunzi, walimu na wazazi ni rasilimali. Picha ya mvua ndiyo inayoiambia mikono hiyo ianzie wapi. Na mvua za mwaka unaofuata zikija, picha nyingine ipigwe mahali pale pale, ili umma uone kama kazi imefaa.

Tukisema hayo tumemtetea mzazi. Sasa yatupasa tumweleze ukweli naye.

Mzazi anayepatikana kiwanjani saa tisa alasiri, siku ya kazi, katika mwezi wa Aprili, ni nani? Mara nyingi si mkulima. Mvua ile ile iliyojaza maji uwanjani ndiyo iliyomweka mkulima shambani, kwani magugu hayangoji fainali ya kata. Si mvuvi wala si mama anayeuza vitumbua sokoni, ambaye akifunga biashara yake hapati chakula cha jioni. Aghalabu ni mfanyakazi wa mshahara: karani, mwalimu wa shule jirani, mganga wa zahanati, ofisa wa halmashauri aliyeomba ruhusa ya saa mbili. Yeye ndiye mwenye saa hizo mbili, na yeye ndiye mwenye simu au kamera inayofaa. Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, mzazi huyo ni wewe.

Basi tazama hatari iliyopo. Kamera hupenda kumfuata mtoto wa mwenye kamera. Mechi ya dakika sitini hutoa picha themanini, na katika hizo sabini ni za winga mmoja wa kulia, mtoto wa karani, akipokea mpira, akikosa mpira, akifunga kamba za viatu. Mlinda mlango aliyeokoa mabao manne ndani ya dimbwi, ambaye baba yake yuko shambani akipalilia, hana hata picha moja. Miaka ishirini ijayo daftari la shule litasema uongo. Litasema kuwa siku ile alicheza mtoto mmoja. Kwa njia hiyo tofauti ya mali kati ya wazazi itakuwa imegeuka kuwa tofauti ya kumbukumbu kati ya watoto, na wale wanyonge ambao daima hawaonekani watakuwa wamefutwa mara ya pili.

Zamani paliweza kuwa na udhuru. Filamu moja ilikuwa na picha 36 tu, na kila picha ilikuwa na gharama ya kusafishwa na kuchapwa. Mtu aliyetumia fedha yake mwenyewe alikuwa na haki ya kuihesabu. Siku hizi simu ya kawaida inahifadhi mamia ya picha bila ya nyongeza ya senti. Udhuru umekwisha. Mwenye kamera mvuani ajione kuwa ni mzazi wa watoto wote ishirini na wawili na wale wa akiba. Aanze kwa kupiga picha ya kila mchezaji, wa timu zote mbili, kabla hajamfuata mwanawe. Ampige mwamuzi, ampige mwalimu anayekamua jezi, awapige wasichana wanaoshangilia chini ya mwavuli mmoja. Mtoto ambaye mzazi wake hakuja ndiye apewe nakala ya kwanza. Huo ndio ujamaa katika jambo dogo, na ujamaa usioonekana katika mambo madogo ni vigumu kuuamini katika makubwa.

Sharti jingine ni la heshima na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inataka maslahi yake yatangulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, iliweka masharti juu ya ukusanyaji na utumiaji wa taarifa zinazomtambulisha mtu, na sura ya mtoto yamtambulisha. Kwa hiyo kupiga picha kwa ajili ya daftari la shule ni jambo moja, na kuitawanya picha hiyo katika simu za watu wasiojulikana ni jambo jingine kabisa. Jina la mtoto, shule yake na mahali anapoishi visiandikwe chini ya picha inayokwenda mbali.

Mvua inaongeza uzito wa sharti hili. Nguo iliyolowa hugandama mwilini. Picha ya msichana wa miaka kumi na minne aliyelowa, ikipigwa kwa karibu na mtu asiye na adabu, inaweza kumwondoa msichana huyo katika michezo kwa maisha yake yote. Mpiga picha mwenye busara atasimama mbali, atapiga mchezo na si mwili, na ataifuta mara moja picha yoyote ambayo asingependa ya binti yake ionekane. Vivyo hivyo mtoto aliyeumia au anayelia kwa kufungwa si kichekesho. Mwalimu ana haki, na ana wajibu, wa kusimamia jambo hili, na mzazi asione kuwa ameonewa akiulizwa. Kuulizwa unafanya nini na picha za watoto ni tofauti na kufukuzwa kwa sababu umepiga picha ya tope. Swali la kwanza linamlinda mtoto. Amri ya pili inamlinda mkubwa.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni radi. Mwaka 2018 mkoani Geita radi iliwaua wanafunzi sita wakiwa darasani. Mwaka 2020 katika eneo la Arua nchini Uganda, watoto waliokuwa wamemaliza kucheza mpira walijihifadhi katika kibanda, na radi ikawaua kumi miongoni mwao. Mwezi Januari 2025 wilayani Bukombe, mkoani Geita tena, wanafunzi saba walipoteza maisha kwa radi. Mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria inaijua hatari hii kuliko wengine, lakini hakuna mkoa ulio na kinga.

Kanuni yake ni nyepesi. Ngurumo ikisikika, radi iko karibu kiasi cha kutosha kuua, na mchezo husimama papo hapo. Watoto waondoke uwanjani, wasikimbilie chini ya mwembe wala katika kibanda cha nyasi, bali waingie katika jengo imara au ndani ya gari lililofungwa. Wasirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sheria ya tano ya kandanda inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mchezo, na hapana ofisa, mfadhili wala mgeni rasmi anayeweza kumnyang'anya mamlaka hayo kwa sababu ratiba imebana. Vifo vya Geita vinatukumbusha pia kuwa jengo peke yake halitoshi, na kwamba vizuia radi katika shule si mapambo. Kwa upande wa mpiga picha, ngurumo ikisikika kamera iingie mfukoni naye aingie ndani pamoja na watoto. Mzazi anayebaki nje akingoja picha ya umeme wa mawinguni anawafundisha watoto upumbavu, na hapana picha inayostahili malipo hayo.

Maadam tumesema kuwa hii ni kazi, inafaa tuseme maneno machache juu ya namna ya kuifanya, kwani nia njema bila ujuzi huleta picha zenye ukungu. Siku ya mawingu mwanga ni hafifu, na miguu ya watoto haiachi kwenda. Anayetumia kamera aiweke katika mwendo wa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, au karibu na hapo, kisha aongeze wepesi wa kamera kupokea mwanga, hata kama picha itakuwa na chenga kidogo. Ni heri chenga kuliko mtoto asiye na uso. Mvua aipe kisogo, ili matone yasipige kioo. Kitambaa kikavu cha pamba akiweke ndani ya shati, kwani kikiwa nje kitalowa. Kamera aifunike kwa kipande cha nailoni kilichotobolewa mahali pa kioo, na akifika nyumbani aiache ikauke polepole mahali penye hewa, wala asiiweke juani. Na zaidi ya yote, achuchumae. Mtoto aliyepigwa picha kutoka juu huonekana kama anayehukumiwa, na mtoto aliyetazamwa usawa wa macho huonekana alivyo, mchezaji katikati ya mchezo wake.

Baada ya hayo yote, nini kifanyike? Tunapendekeza mambo manne ambayo hayangoji bajeti.

Kwanza, kila shule inayoshiriki mashindano iwe na daftari la picha za michezo, litunzwe na mwalimu wa michezo na kukabidhiwa kwa maandishi anapohamishwa. Simu hupotea, huibwa na hubadilishwa, na pamoja nayo hupotea miaka mitatu ya watoto. Picha chache zilizochaguliwa zichapwe katika karatasi, na nyuma ya kila moja iandikwe tarehe, uwanja, timu, matokeo na hali ya hewa. Majina ya wachezaji yawe ndani ya daftari na yabaki shuleni.

Pili, mwanzoni mwa msimu mkutano wa wazazi uamue mzazi au wazazi wawili watakaopiga picha kwa niaba ya wote, na ridhaa ya wazazi wengine ichukuliwe hapo hapo. Anayejulikana na umma hana haja ya kujificha nyuma ya mti, na asiyejulikana ataonekana mara moja.

Tatu, maofisa elimu wa kata na maofisa michezo wa wilaya wazitake picha hizo, wala wasingoje kuletewa kama malalamiko. Taarifa ya mashindano inayosema kuwa michezo ilikwenda vizuri, bila picha hata moja ya uwanja, ni taarifa nusu. Na kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari, ratiba ya kata ipangwe kwa kuutazama utabiri huo, na picha za mwaka uliopita ziwe shahidi wa viwanja vipi havifai katika wiki zipi.

Nne, sehemu ya kazi ya kujitolea ya kila shule iende katika mifereji ya uwanja na katika kibanda cha bati cha wachezaji wa akiba. Mtoto anayengoja zamu yake mvuani kwa dakika arobaini, halafu akaingizwa akiwa ameganda kwa baridi, hakutendewa haki hata kama timu yake imeshinda.

Mwezi Agosti 2025 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, iliandaa mashindano ya CHAN, na nchi hizo hizo tatu zimepewa dhamana ya fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ni heshima kubwa. Katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, wapiga picha hujipanga nyuma ya lango kwa wingi. Hatuwaonei kijicho. Lakini taifa linalopiga picha mavuno peke yake, wala halipigi picha shamba wakati wa kupalilia, litafika mahali lishangae kwa nini mavuno yamepungua.

Walimu wetu, mwiteni mzazi huyo aingie ndani ya kamba. Mpeni kiti, mpeni kazi, mwambieni masharti. Maofisa wetu, zipokeeni picha zake za tope kama mnavyozipokea zile za kikombe, na mzijibu kwa majembe. Nawe mzazi, msimu huu ukisimama kandoni mwa uwanja, hesabu kwanza watoto waliopo, kisha hesabu picha zako, uone kama hesabu hizo mbili zinalingana.